Madam wa Bayolojia na Kaa Wake

Madam wa Bayolojia hakuwahi kuniita kwa jina langu. Miaka mitatu nilikaa darasani kwake, na kabla ya hapo tulikuwa majirani miaka mitano katika ploti moja huku Nyamasaria, Kisumu, mlango wake na wetu umetenganishwa na kamba ya nguo tu. Aliniita Chaza. Mwanzo nilidhani ni jina zuri. Kisha tukafika kwenye somo la wanyama wasio na uti wa mgongo, akachora ubaoni kitu kama sikio lililofungwa, akanigeukia.

"Huyu ndiye chaza. Mdomo anao, ila ameamua kutoutumia. Ukimgusa anafunga zaidi. Jamaa yake mnaye humu ndani."

Wasichana arobaini na sita waligeuka kunitazama. Tangu siku hiyo hata walinzi wa getini wananiita Chaza.

Ninaandika habari zake sasa kwa sababu ameondoka, na watu wa ploti wameshaanza kumsema kama mtu aliyekuwa mpole. Mama mmoja wa nyumba ya mwisho amesema jana, "Yule mwalimu alikuwa na roho safi." Mama huyo huyo aliwahi kuambiwa na Madam, mbele ya wageni wake, kwamba watoto wake wamefanana na minyoo ya tumbo kwa weupe wa uso na kutosikia. Mtu akihama, watu wanafua maneno yake. Mimi nataka yabaki na uchafu wake.

Alitoka pwani. Zaidi ya hapo sijui, na hakuna aliyethubutu kumwuliza. Alivaa buibui jeusi lililofifia mabegani, na juu yake koti jeupe la maabara, mifuko imejaa vipande vya chaki. Kila chaki aliikata mara tatu kabla ya kuitumia. Ijumaa mchana alienda msikitini akarudi amepoa kwa muda wa somo moja. Sisi tulijua: kama una swali la kijinga, liweke hadi Ijumaa saa nane.

Kiswahili chetu kilimwumiza kama jino. Siku moja mwenzetu alisema, "Madam, hii maji imemwagika." Madam alisimama pale na bika mkononi.

"Hii maji. Ziwa zima liko mlangoni kwenu na bado mnahesabu maji kama kiazi. Maji haya. Yamemwagika. Ni mengi, mama, hata kama hujayaoga."

Tulicheka, na yule msichana alicheka pia, akalia wakati wa chai. Ndivyo ilivyokuwa kwake. Ulicheka kwanza.

Ziwa hakulipenda. Miaka yote aliyokaa hapa sijasikia hata mara moja kwamba alishuka ufukoni. Wageni walipomwambia Kisumu ina upepo mzuri wa maji, aliwaambia, "Lile ni karai. Halijai, halipwi. Maji yasiyopumua mimi siyatazami." Samaki hakula. Lakini jikoni kwake, ukutani, juu ya jiko la gesi, alitundika jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari fulani ya huko kwao, na kila asubuhi alikata tarehe kwa kalamu. Mama alinituma mara nyingi kumrudishia sufuria. Ningemkuta amesimama mbele ya jedwali lile, kikombe mkononi, akisema kwa sauti ya kawaida, wala si kwangu, "Sasa maji yametoka. Akina mama wako nje na vikapu." Halafu akiniona, "Chaza, ingia au toka. Mlango si wa kufikiria."

Mafuriko yalipoingia Nyamasaria nikiwa kidato cha kwanza, nyanya wa nyumba ya tatu hakuweza kutembea. Wanaume wa ploti walisimama wakibishana nani ana mgongo wenye nguvu. Madam alivua viatu, akaingia kwenye maji ya magotini, akambeba yule bibi mgongoni hadi barabarani. Alimlaza kwenye kitanda chake siku nne, yeye akalala kwenye mkeka. Siku ya tano, bibi alipokuwa akimshukuru kwa machozi, alimwambia, "Nenda salama, mama. Ila ukifika kwako uoge, shuka zangu zimenuka mkojo." Bibi alikufa mwaka huo. Mpaka alipokufa, alikuwa akisema kuhusu shuka, habari ya kubebwa alishaisahau.

Alichokijua, alikijua kweli. Hilo hakuna wa kumnyang'anya. Wengine walitusomea kitabu. Yeye alikuwa na kitu kimoja ambacho hakikuwemo kabisa kwenye mtihani, na ndicho alichotufundisha kwa moyo wote: saa iliyomo ndani ya mwili wa viumbe wa baharini. Alituambia kuna minyoo ya mwambani inayongoja usiku fulani wa mwezi, halafu yote inapanda juu kwa wakati mmoja kuzaliana, na isipopanda usiku huo imepoteza. Alituambia kuna kaa wanaoachilia watoto wao majini siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji makubwa yawachukue mbali. "Hakuna anayewaamsha," alisema. "Hawana kalenda, hawana kengele, hawana mama wa kuwapigia kelele. Mwezi wameumeza."

Anyango aliinua mkono. Nimtaje hapa Anyango, kwa sababu bila yeye sina cha kuandika. Alikuwa rafiki yangu wa pekee. Anaishi Nyalenda, mama yake anauza omena, dagaa wa ziwani, sokoni Kondele, na tangu darasa la sita alikuwa akisema atasomea unesi. Aliongea kwa niaba yangu pia, hata kuniombea ruhusa ya kwenda choo.

"Madam, hata omena inajua mwezi," alisema. "Mwezi ikiwa kubwa, wavuvi wanalala tu nyumbani. Hakuna kitu."

"Hiyo si saa ya omena. Ni taa ya mvuvi kushindwa na mwanga wa mwezi. Omena anaona mwanga kila mahali, kwa nini aifuate taa yako? Saa ya mwilini ni ile inayobaki hata mwanga ukiondolewa. Umeelewa tofauti?"

"Basi tufungie omena kwa kabati, tuone."

Darasa lilicheka. Madam hakucheka. Alimtazama Anyango kwa muda, akasema polepole, "Kabati. Ndiyo." Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akikubaliana na mtu.

Muhula uliofuata kaa waliletwa. Mpwa wake aliwaleta kwa basi la usiku kutoka pwani, ndani ya ndoo yenye matope ya mikokoni, pamoja na mitungi mitatu ya maji ya bahari. Madam aliingia darasani na ile ndoo, sisi tumesimama kumsalimu. Akaiinua, akasema, "Kaa."

Tukakaa.

Alitutazama sote, ndoo ikiwa juu. "Hawa," akasema, "ni kaa. Mungu nisaidie."

Walikuwa ishirini na wawili, wadogo kama kifuniko cha soda, kila dume na gando moja kubwa kupita kiasi, kama mtu aliyevaa glavu ya mtu mwingine. Siku ile ile alichukua mmoja akamng'oa lile gando mbele yetu, tak, kama unavyochuma mboga, atuonyeshe kwamba litaota tena. Msichana wa mbele alifunika macho. "Litaota," Madam alisema. "Fumbua macho. Wewe ukikatwa mkono hauoti tena, yeye gando linamwotea, sasa wa kuhurumiwa ni nani?" Kisha, tulipokuwa tukitoka, nilimwona kupitia dirishani amemweka yule kaa kwenye kiganja, anamdondoshea maji ya bahari tone kwa tone kwa kidole.

Jaribio lilikuwa rahisi. Beseni la matope na maji ya bahari liliwekwa ndani ya kabati la maabara, milango imefungwa, giza mchana na usiku. Kila nusu saa, kuanzia asubuhi hadi saa kumi na moja, mtu wa zamu alifungua kidogo, akamulika tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu, akahesabu kaa walio nje ya mashimo. Basi. Wikendi Madam alihesabu mwenyewe. Anyango alifanywa mkuu wa zamu, daftari likawa lake. Lakini hakuachwa afurahi. Ijumaa Madam alimwambia mbele yetu sote, "Wewe, kabla ya kushika kaa wangu nawa mikono. Wakisikia harufu ya omena watadhani wameshakufa, wamefika sokoni."

Anyango alinawa. Alinawa kwa muda mrefu, mgongo wake kwetu.

Na kaa wale walifanya vile alivyosema. Jumatatu ya kwanza, mwezi ukiwa mpevu, walitoka mashimoni saa nne asubuhi. Jumanne, saa tano kasoro dakika kumi. Jumatano, saa sita kasoro dakika ishirini. Kila siku walichelewa kiasi kile kile ambacho bahari ilichelewa, kule mbali, saa za maji kupwa katika jedwali la jikoni kwake. Wako Kisumu, kwenye giza, ndani ya kabati lililokuwa la kuwekea bika, na bado wanatoka kutembea kwenye ufuo ambao haupo. Anyango alichora mstari kwenye karatasi ya grafu, mstari wa jedwali kwa wino wa buluu na wa kaa kwa wino mwekundu. Ulikuwa karibu mstari mmoja. Madam aliushika, akautazama, akautundika ukutani bila neno. Kwake hiyo ilikuwa tuzo.

Jumatatu ya pili mwezi ulikuwa nusu. Zamu ya saa kumi ilikuwa ya Anyango, lakini wingu lilikuwa limejaa upande wa ziwa na mama yake alikuwa na omena mbichi zimeanikwa ufukoni Dunga. Zikinyeshewa, zimeoza. "Nisaidie leo," aliniambia. "Ni kuhesabu tu. Madam asijue, hataki kubadilishana zamu." Akakimbia.

Niliingia maabara peke yangu. Kwenye ukingo wa beseni Madam alikuwa ametundika kadi, kwa mwandiko wake mkubwa wa ubaoni: MAJI MAFU.

Nilisimama pale nikaisoma mara mbili. Kwetu, maji yakikaa sana kwenye mtungi yakaanza kunuka, tunasema maji imekufa. Haya yalikuwa na siku nyingi, yana rangi ya chai, na yananuka kweli. Nikaelewa kwamba Madam amemwachia mtu wa zamu agizo. Nikafurahi hata. Nilisema moyoni, leo nitafanya kitu vizuri na hakuna atakayeniuliza swali. Niliwatoa kaa kwa kijiko mmoja mmoja, nikawaweka kwenye ndoo. Nikamwaga yale maji kwenye sinki, matope nikayatupa nje. Nikasugua beseni kwa sabuni ya unga hadi likang'aa. Nikajaza maji ya mvua kutoka kwenye tangi, safi, baridi, nikawarudisha. Nikaandika kwenye daftari kwamba wametoka wote ishirini na wawili, na ilikuwa kweli, maana mashimo yao hayakuwepo tena.

Asubuhi Madam aliingia na sinia lenye gazeti. Juu yake kaa wamepangwa migongo chini.

"Zamu ya saa kumi ilikuwa ya nani?"

Anyango alisimama.

"Ulifanya nini?"

"Si mimi, Madam."

"Nani?"

Anyango hakunitazama. Alitazama ubao, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kupita mlangoni. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Pumzi iliingia, sauti haikutoka.

"Umewaosha kwa sabuni," Madam alisema. Hakupaza sauti. "Nilidhani wewe una akili na ulimi mbaya. Kumbe una roho mbaya. Mtu akisemwa harufu yake anaua? Na unataka unesi. Nani atakuachia mgonjwa?"

Ulikuwa mwisho wa kidato cha pili, wakati wa kuchagua masomo, na Madam alikuwa mkuu wa idara ya sayansi. Fomu ya Anyango alikataa kuitia sahihi. Alimwandikia Biashara. Na bila Bayolojia, unesi ungebaki wa kusikia kwa watu.

Jioni ile tulitembea pamoja hadi Kondele.

"Nilikuwa nangoja uongee," Anyango alisema.

"Nitaongea kesho."

"Sema kweli."

"Kweli."

"Mimi siwezi kukutaja. Watasema namsukumia Chaza kwa vile anajulikana haongei. Ni wewe."

Kesho haikuwa kesho. Wiki ya pili aliacha kuniuliza. Nilichofanya, nilimwambia nitampa daftari langu la Bayolojia kila Jumamosi anakili. Alikubali. Mwaka mzima wa kidato cha tatu alikuja mlangoni, akanyoosha mkono, akasema, "Leta." Hakuna habari ya asubuhi, hakuna nini. Jumapili alilirudisha limefutwa vumbi. Nami siku tano za wiki nilikaa mbele ya Madam, nikiitwa Chaza, nikipata alama nzuri.

Ukutani, mstari ule wa wino wa rangi mbili ulibaki. Madam hakuleta kaa wengine. Mara moja tu alitaja jambo lile, tukisoma habari ya mazingira. Alisema, "Kiumbe aliyetolewa mahali pake hushika saa ya kwao kwa siku kadhaa. Halafu huanza kukosea. Kwa siku ngapi, ningewaambia, ila niliuliwa jaribio langu." Aliandika kitu ubaoni, akakifuta, akaendelea na somo.

Desemba alistaafu. Januari hii tuliingia kidato cha nne, na mwalimu mkuu akatangaza kwamba usajili wa masomo ya mtihani utafungwa Ijumaa ya wiki ya tatu. Mama yake Anyango alikuja shuleni akiwa na leso yake ya sokoni, akaomba mwanawe arudishwe Bayolojia. Tulisikia jibu dirishani. "Mama, mwalimu aliyemtoa ndiye aandike kwamba amemrudisha. Mimi siwezi kuamka tu nibadilishe."

Na Madam alikuwa akifunga mizigo. Basi lake lilikuwa Alhamisi alfajiri.

Jumatano nilitoka shule nikakaa kitandani nikaandika ukurasa mzima, kwa sababu nilijua mdomo utanikatalia. Nikavuka kamba ya nguo. Alikuwa sakafuni, anafunga vikombe kwa magazeti. Jedwali lilikuwa limetolewa ukutani, pamebaki mraba msafi.

"Chaza. Kama umekuja kuaga, aga."

Nilimpa karatasi. Akavaa miwani, akaipapasa sakafu akitafuta kalamu, akaipata, nyekundu. Akaanza kusahihisha. Nilisimama pale nikitazama kosa langu kubwa la maisha likipigwa mistari.

"'Nilimwaga maji yenye ilikuwa kwa beseni,'" alisoma. "Maji yaliyokuwa kwenye beseni." Akaendelea. Nusu ya ukurasa kalamu ikapungua mwendo. Ikasimama. Alisoma hadi mwisho bila kusahihisha, akarudi mwanzo.

"Wewe," alisema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kwa nini uliyamwaga?"

"Kadi."

"Kadi ipi?"

"Uliandika maji mafu, Madam. Nikajua imekufa. Yamekufa. Nikajua unataka yatolewe."

Alinitazama kana kwamba nimeongea lugha asiyoijua. Halafu akaelewa, na niliona jinsi alivyoelewa, maana aliweka kikombe chini bila kukiangalia, kikalala ubavu.

"Mwezi ukiwa nusu," alisema, "bahari haijai sana wala haipwi sana. Maji yanakuwa mavivu. Ndiyo maji mafu. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, ni bamvua. Nilitundika kadi mjue tumefika siku ipi, basi. Mtoto wa miaka minne kwetu anajua."

"Hapa hatuna, Madam."

"Hamna nini?"

"Bahari."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumjibu, ukihesabu na yale ya kadi. Alikisimamisha kile kikombe. Nje mtoto alikuwa akigonga mfereji kwa jiwe.

"Mwaka mzima nimesema msichana yule alinilipizia," alisema. "Kwa ile habari ya omena. Nilisema, nimemtukana, naye amenilipa. Hata sikushangaa."

Nikathubutu. "Kumbe ilikuwa neno tu, Madam."

"Hapana." Akavua miwani. "Usinipe mimi wote. Neno halina mikono. Sinki, sabuni, mwaka mzima wa kunyamaza, hiyo mikono ni yako. Nenda kamlete."

Nilimpata Anyango Kondele, nyuma ya meza ya mama yake, anapima omena kwa kopo. Nikamweleza kwa kukatakata. Alimaliza kumhudumia mteja kwanza.

"Kwa hiyo umemwambia."

"Niliandika."

Alicheka, si cheko la kufurahi. "Hata hiyo uliandika."

"Enda, nyathina," mama yake alimwambia, mtoto wangu nenda, akamfuta magamba begani. "Enda kabla huyo mama hajabadilisha roho."

Madam hakumkaribisha ndani. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, Anyango amesimama uani, majirani wakianua nguo polepole kuliko kawaida. Akamwuliza masomo ya mwaka mzima wa kidato cha tatu. Urutubishaji, plasenta, mtandao wa chakula ziwani, ukuaji wa mbegu. Ilichukua saa nzima na zaidi. Anyango alijibu mikono nyuma, bila kusita. Mara mbili tu alikosea, na mojawapo alisema stameni ni sehemu ya kike ya ua.

"Nani amekufundisha hivyo?"

Anyango alinielekezea kidevu. "Daftari yake."

"Makosa yote mawili ni ya Chaza," Madam alisema, akiwaambia majirani. Kisha akamgeukia Anyango. "Kaa wangu, kabatini, walijuaje mwezi?"

"Hawakujua mwezi, Madam. Walijua saa yao. Mwezi na bahari ziliiweka tu, zamani, huko kwao."

"Na wakikaa muda mrefu bila bahari?"

"Saa inaanza kukosea."

"Baada ya siku ngapi?"

"Hatukuachwa tuhesabu," Anyango alisema.

Madam alitikisa kichwa kwamba ni sawa. Alikuwa anainuka Anyango akaongeza, "Na wewe Madam hutaniambia pole?"

Mtu aliyekuwa akianua nguo alisimama na shuka mikononi.

"Pole huambiwa anayeumwa. Unaumwa?"

"Mwaka mzima."

Madam alikaa tena. Nilingoja amjibu vibaya, kwa sababu nimemjua miaka minane. Aliomba daftari, akararua karatasi, akaandika kwa muda mfupi juu ya goti, akaikunja mara tatu, akaifunga kwa gundi ya karatasi. Anyango alinyoosha mkono. Madam akaipitisha karibu na ule mkono, akanipa mimi.

"Utaibeba wewe. Yeye asimame karibu ashuhudie. Haya, ondokeni, nina vikombe."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho. Hakuniaga, na aliporudi ndani alifunga mlango kwa mguu.

Alhamisi asubuhi tulisimama ofisini, Anyango na mimi, bega kwa bega kama watu wanaongoja kupigwa picha. Mwalimu mkuu alifungua ile karatasi kwa rula, akaisoma kwa sauti, maana ilikuwa na mistari mitatu tu.

"'Mwanafunzi Anyango hakuwa na kosa. Nimempima na anastahili Bayolojia, asajiliwe. Wenye kosa ni wawili: mimi, ambaye sitakuwapo ukisoma haya, na huyu aliyekuletea barua.'"

Alichukua fomu, akaandika jina la Anyango, akagonga muhuri. Ndipo akainua macho, akayapeleka kwake, akayaleta kwangu.

"Aliyeleta barua ni nani kati yenu?"

Mwaka mzima nilikuwa nimemnyamazia Anyango, na sasa yeye alininyamazia mimi. Nilisikia saa ya ukutani. Nilisikia chaki darasa la jirani.

"Mimi," nikasema.

Mwalimu mkuu aliinama mbele, mkono sikioni. "Sijasikia."

Nikarudia.